Nilikuwa Nimefika Herufi ya M

Kahindi, baba,

Salamu sikuandikii, maana tangu asubuhi nimekusalimia mara tatu, na mara zote tatu umeijibu simu yako. Habari za soksi, za dawa ya tumbo na za kutokula vyakula vya watu usiowajua, shangazi zako wanakupa huko uani sasa hivi, tena wote kwa mpigo. Ukisahau hayo umejitakia. Mimi nimeingia chumbani nikasema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nimekaa kwenye kitanda cha babu yako, nimeweka daftari mapajani, naandika kabla pasta hajafika kukuombea.

Ninaandika kwa sababu nikikuambia kwa mdomo nitadanganya. Najijua. Juu ya jambo hili nimeshadanganya mara mbili, mara zote mbili mbele ya mtu niliyempenda, na mdomo wangu umezoea njia hiyo kama punda wa maji alivyozoea ya kisimani.

Kile kitabu kisicho na jalada unakijua. Kimekutesa sana. Lakini sijawahi kukwambia nilivyokipata, nilikuachia udhani nilikinunua. Nilikiokota chini ya kitanda cha mgeni, enzi zile nikisafisha nyumba za wageni hapa Malindi, wewe hujazaliwa. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza, amesahau kitabu na kandambili moja. Kandambili niliirudisha ofisini. Wenzangu wote wakati ule walikuwa wakijifunza Kitaliano, na walikuwa na akili, maana Kitaliano ndicho kilichokuwa kikileta unga. Hata wauza madafu walijua kutongoza na kuomba radhi kwa Kitaliano. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita, nikaona nichague Kiingereza, tena si kile cha kuombea kazi. Nilitaka kile kigumu, cha kumnyamazisha mtu.

Kitabu kilikuwa na maneno magumu yaliyopangwa kutoka A hadi Z, kila neno na maana yake, na chini yake mfano mmoja wa sentensi ya watu wasio na shida. Nikajiwekea neno moja kwa siku. Asubuhi naliandika kiganjani kwa kalamu. Nikimaliza kupiga deki maji yamelifuta, na mimi nimelishika. La kwanza lilikuwa "abhor", kuchukia kwa moyo wote. Sikuhangaika kutafuta mfano. Msimamizi wetu alikuwa anapita koridoni.

Maneno hayo yalihitaji pa kuyatumia, na hapakuwa na pengine ila kwa Mzee Kanji, yule wa duka la misumari na rangi karibu na soko, ambaye hata wewe umemkuta. Nilikuwa nikitumwa kwake kununua vitasa.

"Mzee Kanji, leo u 'benevolent' kweli."

"Nini hiyo, bibi? Mimi sijui."

"Mtu mwenye moyo wa kutoa."

"Basi umekosea duka. Kitasa bei ile ile."

Hicho ndicho kilichonichefua kwake, hiyo "sijui". Mtu mwenye duka la milango mitatu, watoto wake wamesoma ng'ambo, lakini akiletewa karatasi na wachuuzi wa Mombasa anaweka miwani, anasoma kwa kidole, kisha anasema mbele ya wateja wote, "Hii sijui. Nieleze kama unamweleza mjukuu wangu." Wanamweleza. "Bado sijui. Tena." Nilikuwa nikimwonea aibu. Nilikuwa nasimama pale na neno langu kiganjani, nikijiona mimi ndiye msomi na yeye ni mtu wa misumari.

Babu yako naye alikuwa hivyo hivyo. Unakumbuka "simanya" yake? Sijui, kwa Kigiriama chetu. Alikuwa akiisema mara kumi kwa siku kama mtu anayekohoa, bila kupungukiwa na kitu. Mvua itanyesha lini? Simanya. Mbuzi huyu anaumwa nini? Simanya, tumuulize fulani. Mimi niliihama Jilore, kijiji chetu, nikadhani nimeihama na hiyo.

Sasa nakuja penyewe.

Ulikuwa na miaka minne. Baba alinipigia simu akasema, "Kadzo, njoo. Kuna karatasi." Nikakubeba tukaenda Jilore. Nilikuta uani pamepangwa mabenchi yaliyoazimwa kanisani, wazee wa mlango wetu wa ukoo wameketi, na bwana mmoja mwenye mkoba na viatu visivyo na vumbi. Jinsi viatu vinavyofika Jilore bila vumbi sijui mpaka leo. Alikuja kwa niaba ya watu waliotaka kukodi shamba letu, lote, kutoka kwenye mikorosho mpaka zilipokuwa koma, vile vigingi vya wazee wetu waliokufa. Kwa mdomo alisema miaka kumi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza.

"Kuna msomi hapa," akauliza, "au niwasomee mwenyewe?"

"Fisi hapewi mbuzi alinde," akasema baba yangu mdogo, Katana, na watu wakacheka, yule bwana naye akacheka. Kisha baba mdogo akaniona mimi. "Lakini mwanamke kusoma karatasi ya shamba? Haya. Leo tutaona na jogoo akitaga."

Baba akasimama. Akakitoa kiti chake, kiti pekee chenye egemeo pale uani, akanisogezea. "Huyu ana maneno ya Kizungu ambayo hata mwalimu mkuu hana. Kaa, mwanangu."

Hakuna siku nyingine ambayo wazee wa kiume walinipa kiti. Nakwambia kabla ya kusoma mstari wa kwanza nilikuwa nimeshalewa.

Nikasoma. Na nilisoma vizuri, sikufichi. Kila neno nilikuwa nalisimamisha, nalivua nguo mbele yao, nalivika Kigiriama. "Boundary", mpaka. "Consent", ridhaa. "Hitherto", mpaka hivi sasa. Wazee walikuwa wakitikisa vichwa. Wewe ulikuwa chini ya kiti changu ukicheza na kofia ya baba mdogo. Ukurasa wa mwisho, mstari wa tatu kutoka chini, nikakutana na neno, "perpetuity". Wale watu watalitumia shamba letu "in perpetuity".

Nikalitazama. Linaanza na P. Mimi nilikuwa nimefika herufi ya M.

"Mbona umemeza mate?" akauliza baba mdogo.

"Vumbi tu, baba."

"Basi hapo panasemaje?"

Ningesema simanya. Ningeisema na pangetokea kicheko, na baba mdogo angetaja jogoo wake tena, na karatasi ingebebwa kwenda Malindi kutafutiwa mtu. Ni hayo tu yangetokea. Lakini nilimtazama baba na nikaona anavyonitazama. Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Nikasema, "Hilo ni neno la adabu tu. Wazungu hulitia mwishoni, kama sisi tunavyotia wasalamu."

"Kumbe nao wana adabu!" akasema baba mdogo, na uwanja mzima ukacheka. Yule bwana hakucheka. Alinitazama, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo, akafungua kidau cha wino. Alijua, Kahindi. Katika watu wote pale, yeye peke yake alijua kwamba sijui, na yeye peke yake ndiye aliyefurahi.

Baba alikuwa wa kwanza kutia kidole. Akakipangusa kwa jani la mkorosho, akaniambia, "Nimewatilia adabu yangu na mimi."

Utaniuliza kwa nini sikufungua P jioni ile ile, kitabu kiko nyumbani. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko wewe. Mtu akijua kidonda kilipo hapagusi. Nilijiambia mpango ni mpango, neno moja kwa siku. Nikaendelea na N. Nikajifunza "nebulous", kitu chenye ukungu, na "nefarious", kiovu cha kupindukia. Nikaingia O, nikakaa na "obstinate", mkaidi, siku mbili nzima, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilikuwa kama mtu aliyeitwa mahakamani akaamua kwenda kwa miguu ili achelewe. Masika yakaanza yakaisha. Asubuhi moja nikalifikia, nikaliandika kiganjani kama mengine, nikasoma maana yake. Hali ya kutokuwa na mwisho. Milele.

Ndoo ilikuwa imejaa. Sikupiga deki siku hiyo.

Na hapa ndipo pabaya zaidi, mwanangu, pabaya kuliko kile kiti. Siku hiyo ua ulikuwa haujajengwa. Shamba lilikuwa limekaa tu, mikorosho inaangusha majani yake. Ningepanda gari nikaenda Jilore nikasema, baba, nilidanganya, twendeni tukatafute mwanasheria, tukamlilie chifu, tufanye fujo. Pengine tungeshindwa. Pengine. Nilinyamaza mpaka seng'enge ikapigwa na mlinzi akawekwa langoni.

Babu yako alikwenda langoni hapo na kibuyu chake cha tembo la mnazi, siku ya kuwamwagia koma na kuwaita majina, kama alivyofanya maisha yake yote. Mlinzi alikuwa kijana wa bara, mpole. Akamwambia, "Mzee, shikamoo. Hapa huruhusiwi." Baba akaitikia marahaba, kwa sababu alikuwa mtu wa kuitikia. Akawamwagia nje ya ua, kwenye mchanga, akawaita kwa sauti ili wasikie walipo.

Ndipo akaja kukaa nasi, ukapata mwenzako wa chumba. Wewe ulifurahi. Ulidhani amekuja kwa ajili yako.

Mwaka wake wa mwisho, jioni moja nikimkata kucha, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Kadzo, lile neno la adabu. Siku ile ulilijua?"

Nikasema, "Nililijua, baba. Walilibadilisha baadaye kwenye karatasi."

Akanipa mkono wa pili, nikaukata kucha zote. Akasema, "Basi walituzidi ujanja." Na akazikwa kwenye makaburi ya hapa mjini kati ya watu asiowajua, mbali na mkewe, akiwa na hayo. Au hakuwa nayo. Alikuwa anajua kunitazama. Nami simanya.

Hiyo ndiyo hadithi ya shamba letu. Ile uliyokulia nayo, ya karatasi iliyobadilishwa na watu wabaya, unayowasimulia rafiki zako kwa hasira nzuri, niliitunga mimi nikiwa na mkasi wa kucha mkononi. Watu wale walikuwa wabaya, usije ukawasamehe kwa sababu yangu. Lakini karatasi haikubadilika hata nukta.

Sasa angalia mama yako alivyo mjanja. Nilipolia nikamaliza, nikajiuliza kosa langu lilikuwa nini, nikajijibu kuwa ni ile herufi. Ningeanza kujifunza mapema kidogo, ningekuwa nimeshapita P. Basi dawa ni maneno zaidi. Nikayamaliza yote hadi Z, kisha nikakugeukia wewe.

Maneno kumi kila jioni kabla ya kula. Wali unapoa na wewe umesimama. "Meticulous?" Mwangalifu wa kila kitu kidogo. "Resilient?" Anayeinama asivunjike. Na ulipokuwa ukisema sijui, unakumbuka nilivyokuwa nikikujibu? "Humu ndani hakuna sijui." Nilikuwa nakuondolea sahani. Babu yako amekaa pale kwenye mkeka, mtu wa simanya mara kumi kwa siku, anatazama. Siku moja alikuita ukalia kwenye mapaja yake, nikasikia akikunong'oneza kitu. Sikuuliza. Nadhani najua lilikuwa neno gani.

Shule ilikusifu. Ulileta vyeti, nikavitundika pale ukutani karibu na kalenda. Na polepole ukaacha kusema sijui. Nikadhani umejua. Kumbe ulikuwa umejifunza nilichokufundisha, ule uso. Ule uso mtulivu wa mtu anayeruka neno.

Nimeuona jana.

Ulikaa sebuleni ukitusomea mkataba wa kazi yako ya huko Ghuba, ya mapokezi hotelini. Baba yako kavaa shati la kanisani kwa ajili ya kusomewa. Ulisoma vizuri, ulitafsiri vizuri, shangazi zako wakakupigia vigelegele kwenye mshahara. Ukurasa wa tatu ukasimama. Ukameza mate. Shangazi yako akauliza, "Hapo je?" Ukasema, "Hapo ni maneno yao ya ofisi tu, ya kawaida."

Kahindi, nilishika ukingo wa kiti.

Leo ulipokwenda kunyolewa nikaitoa bahasha. Nimelipata neno. Ni fupi, Mungu nisamehe, herufi tano: "waive". Nikafungua kitabu. Hakuna. Kitabu cha maneno makubwa hakikuwa na habari na kadogo kama hako. Nimetafuta mara mbili, mimi niliyejiona nimemaliza hadi Z.

Basi nikavaa leso nikaenda kwa Mzee Kanji. Sasa ni mzee sana, anakaa kwenye kiti nyuma ya kaunta, mtoto wake ndiye anayeuza. Duka lilikuwa limejaa, mafundi wamesimama wanasubiri rangi. Nikasema kwa sauti, "Mzee Kanji, kuna neno sijui." Sijawahi kutamka hivyo mahali penye watu tangu nizaliwe. Nilingoja paanguke kitu. Fundi mmoja akasema, "Mama, sogea kidogo nipitishe ngazi." Ndiyo yote yaliyotokea.

Mzee akaweka miwani, akasoma mstari mzima kwa kidole. "Hii maana yake unaiacha haki yako mwenyewe, kwa mkono wako. Hapa mtoto anasema, wakimbadilishia kazi, hatalalamika."

"Wakimbadilishia wakampa gani?"

"Haikusema, bibi. Ndiyo ubaya wake. Inaweza kuwa hoteli. Inaweza kuwa ngamia." Akanirudishia karatasi. "Lakini usimpe mtoto maneno yangu. Yeye amuulize yule anayempa kalamu, mbele ya watu. Halafu amtazame usoni."

Nami nakwambia hivyo hivyo. Usichukue maana ya neno hili kutoka kwangu. Mimi ndiye yule wa neno la adabu, huna sababu ya kuniamini kwa neno la Kiingereza hata moja. Mstari nimeupigia alama ya penseli. Kesho saa tano, kwenye ofisi yao ya Mombasa, watakapokuwekea kalamu na wenzako kumi wamekaa nyuma yako wanangoja zamu, weka kidole hapo useme hulijui. Kutakuwa na atakayecheka. Msubiri amalize, kisha uliza tena. Ukielezwa usipoelewa, uliza ya tatu. Mtazame mdomo anapokujibu. Akitabasamu kwa upande mmoja, mimi nimeshauona mdomo huo.

Najua unachofikiria. Watu wamechanga, pasta anakuja, shangazi yako ameshautangazia mtaa wetu wote wa Barani kwamba unaruka. Atarudije mtu aliyeombewa? Kwa mguu, baba, kama watu wengine. Vicheko vya Barani haviwezi kufika mwezi, hapa kuna mambo mengi ya kucheka. Mimi nilikwepa kicheko cha dakika moja, nikalipa kwa makaburi ya wazee wangu.

Sikukatazi kwenda. Huenda likawa kweli neno la kawaida la ofisi, wakalifuta ukapanda ndege yako kesho hiyo hiyo, na mama yako akabaki mwanamke mwenye wasiwasi. Ningependa sana iwe hivyo. Ila uulize. Na ukikasirika kwa haya mengine niliyokuandikia, kasirika, haki yako hiyo usiiache kwa mkono wako.

Pasta amefika, nasikia anasifia mbuzi. Barua hii nitaichomeka kwenye bahasha ya mkataba, ukurasa wa tatu, kwa sababu kwingine hutaiona.

Kesho mchana nitapika wali wa nazi, na nitapima wa watu watatu kama kawaida. Ikifika saa kumi hujatokea, sahani yako nitampa jirani.

Mimi mama yako,
Kadzo